Ruzuku ni Nusu: Nusu Nyingine Iko Wapi?

(Hotuba iliyotolewa na mwalimu mstaafu, mjumbe wa kamati ya kilimo ya chama chetu, kwenye chakula cha jioni cha harambee ya mwaka, jijini Arusha. Tumeichapa kama alivyoisema. Tumepunguza salamu tu.)



Katibu amenipa dakika 20. Mwalimu akipewa dakika 20 hutumia 40, kwa hiyo mama zetu wa jikoni wasiwe na haraka ya kufunua masufuria. Loshoro haiharibiki.

Nimetumwa nieleze jambo moja. Miaka iliyopita tulichangia madarasa, tukachangia bomba la maji, tukachangia paa la zahanati, na hakuna aliyeuliza maswali. Mwaka huu kamati ya kilimo imeomba fedha za mbolea, na maswali yamekuwa mengi. Kijana wetu mmoja anayefanya kazi hapa mjini alinipigia simu. Kwa adabu kabisa akaniambia: "Mwalimu, nimesikia redioni mbolea ina ruzuku ya serikali. Kama serikali imeshalipa, sisi tunalipa nini?"

Sikumjibu kwenye simu, maana jibu lake ni refu na lina aibu yangu ndani yake. Nilimwambia aje leo. Namwona amekaa pale nyuma.

Mwaka 2008 serikali ilianza mpango wa vocha za pembejeo. Wengi wenu mlikuwa mmeshaondoka nyumbani, lakini waliobaki wanazikumbuka zile karatasi. Mpango ule ulisaidiwa na Benki ya Dunia, ukalenga mikoa inayolima mahindi na mpunga kwa wingi, na mkoa wetu wa Arusha ulikuwemo. Mkulima aliyechaguliwa alipata vocha tatu kwa heka moja: ya mbegu bora, ya mbolea ya kupandia na ya mbolea ya kukuzia. Vocha ilikuwa na thamani ya takriban nusu ya bei. Nusu nyingine mkulima aliilipa mwenyewe kwa wakala, anachukua mfuko wake, wakala anapeleka vocha NMB, analipwa. Baada ya miaka mitatu mkulima huyo angekuwa amevuna vya kutosha kujinunulia mwenyewe, na nafasi yake apewe mwingine. Ndivyo ilivyoandikwa, na aliyeiandika hakuwa mjinga. Mmalawi alikuwa ameanza hivyo msimu wa 2005/2006 baada ya mwaka wa njaa, mahindi yakajaa, na Afrika nzima ikawa inakwenda kumtazama.

Kila kijiji kiliunda kamati ya vocha iliyochaguliwa na mkutano mkuu wa kijiji. Kwetu mimi nilichaguliwa kuwa katibu. Sikuchaguliwa kwa sababu ya kujua kilimo. Walisema mwandiko wa mwalimu unasomeka.

Sasa sikilizeni sharti lilivyokuwa. Mwongozo ulisema mnufaika awe mkulima mdogo, asizidi hekta moja ya mahindi au mpunga, na kipaumbele wapewe wanawake wanaoongoza kaya. Vizuri. Mwongozo huohuo ulisema mnufaika awe na uwezo na nia ya kulipa sehemu yake ya bei. Nalo ni jambo la maana, maana vocha bila fedha ni karatasi. Lakini uwaweke hao wawili katika mstari mmoja, mjane mwenye heka moja na mtu mwenye fedha taslimu mwezi wa tatu, halafu uniambie katika kijiji chetu ni watu wangapi. Mwezi wa kwanza umelipa ada na sare. Mwezi wa pili unakula mahindi ya kununua. Mwezi wa tatu mvua inanyesha, na hapo ndipo unatakiwa uwe na fedha mkononi.

Kamati yetu iliandika majina ya wajane. Tulijivunia orodha ile.

Mmoja wao alikuwa bibi wa upande wa juu, karibu na msitu. Wengine hapa mtamtambua, na sitamtaja jina. Alikuwa analea wajukuu. Nilimpelekea vocha zake mwenyewe, nyumbani kwake, akasaini kwa dole gumba, akanipa ndizi mbivu. Wiki mbili baadaye nikamkuta njiani, nikamuuliza kama ameshachukua mbolea. Akasema, "Mwalimu, serikali imenipa nusu ya mbolea. Nusu ya mbolea haiuzwi dukani." Nikacheka, nikadhani ni utani. Nikaendelea na safari yangu.

Alikuwa ameziuza vocha zote tatu kwa shilingi 10,000. Aliyezinunua alikuwa wakala mmoja aliyekuwa akipita kijijini siku za gulio. Kwa wakala ilikuwa hesabu nyepesi: bibi anapata 10,000, wakala anapata thamani yote ya vocha benki, na mfuko wa mbolea unabaki dukani auziwe mtu mwingine kwa bei kamili. Kilichohitajika ni fomu inayoonyesha kwamba mkulima amepokea mbolea na mbegu, iliyosainiwa na kamati.

Fomu ile niliisaini mimi. Ililetwa ikiwa na majina mengi, jioni, nikiwa nasahihisha madaftari. Nilijua baadhi ya majina yale hayakuwa yamepokea kitu. Nilijiambia kwamba nikikataa, mwakani kijiji chetu hakitapewa vocha. Nilijiambia pia kwamba bibi ameridhika, amepata fedha ya kununulia sukari na kalamu za wajukuu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu. Mwezi wa nane nikapita shambani kwake. Mahindi yake yalikuwa njano kuanzia chini, na magunzi yake yalikuwa madogo kama kidole gumba kile alichosainia.

Hatukuwa peke yetu. Mambo hayo yalitokea nchi nzima, na serikali yenyewe ilipohakiki madai ya mawakala ya msimu wa 2015/2016 ilikuta madai hewa na wakulima hewa. Kila aliyesoma magazeti alilaani wezi. Mimi nilisoma nikanyamaza. Wezi walikuwepo, ni kweli. Lakini wakala yule hakumwibia bibi kwa kisu. Alimkuta na karatasi asiyoweza kuitumia, akamnunulia. Kama bibi angekuwa na ile nusu yake, wakala asingekuwa na cha kununua.

Wazee waliokaa hapa mbele watasema mwalimu anazungumza kana kwamba ruzuku imeanza 2008. Haikuanza hapo. Mnaikumbuka NMC, Shirika la Usagishaji la Taifa, ambalo katika miaka ya sabini lilikuwa mnunuzi wa mahindi kwa bei moja nchi nzima. Mkulima wa Sumbawanga na mkulima wa Tengeru walilipwa bei ileile kwa kilo. Hiyo nayo ilikuwa ruzuku, ila haikuandikwa ruzuku: serikali ilibeba gharama ya lori kutoka Rukwa na Ruvuma. Ilimsaidia sana mkulima wa mbali. Sisi tuliokuwa na Arusha mjini chini ya miguu yetu, na mpaka wa Namanga mwendo wa saa chache, bei ile ilitupunja. Kwa hiyo mahindi yalijua njia zake za usiku. Naona mzee mmoja anatabasamu. Sisemi kitu, mzee wangu.

Mbolea nayo ilikuwa na ruzuku kubwa siku hizo. Ikaanza kupunguzwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na kufika katikati ya muongo ule ikawa imekwisha kabisa, soko huria. Wakati huohuo bei ya kahawa duniani ilikuwa imeporomoka tangu makubaliano ya kimataifa ya kahawa yalipovunjika mwaka 1989. Kumbukeni kwamba kwetu kahawa ndiyo iliyokuwa inanunua mbolea ya mahindi. Fedha ya kahawa kutoka ushirika ilikuwa ndiyo nusu yetu. Ilipokufa, tukang'oa mibuni tukapanda nyanya na migomba zaidi, na wenye watoto mjini wakaanza kutegemea watoto. Ninyi mliokaa hapa ndio mlioshika nafasi ya kahawa. Mlikuwa hamjui?

Nirudi kwenye ruzuku ya sasa, hii ya redioni.

Mwaka 2022 bei ya mbolea ilipanda duniani kote, kwanza kwa ajili ya korona, kisha vita vya Ukraine. Mfuko wa DAP wa kilo 50 ulifika takriban shilingi 130,000. Tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nane Nane kule Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan akazindua ruzuku, serikali ikiwa imetenga shilingi bilioni 150. DAP na urea zikashuka hadi 70,000 kwa mfuko. Safari hii hakuna vocha ya karatasi. Mkulima anajiandikisha kwa mtendaji wa kijiji, anasema ana heka ngapi na analima nini, anapata namba kwenye simu yake. Akifika kwa wakala anataja namba, mfuko unasomwa kwa simu, analipa bei ya ruzuku, serikali inamlipa aliyeleta mbolea.

Nasema mbele yenu kwamba huu ni mpango bora kuliko ule niliousaini. Hakuna karatasi ya kuuzwa kwa 10,000 njiani. Hakuna mwalimu anayeletewa fomu jioni. Na hakuna kamati ya kuchagua huyu na kumwacha yule, jambo lililotuletea uhasama ambao mpaka leo kuna watu hawaniitikii salamu.

Lakini chukueni kalamu tufanye hesabu. Heka moja ya mahindi inataka mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia. Kwa bei ile ya 70,000 hiyo ni 140,000. Mwenye heka moja asiye na 140,000 amepata ruzuku kiasi gani? Sifuri. Mwenye heka 50 huko tambarare, mwenye trekta na akaunti ya benki, amenunua mifuko 100, na katika kila mfuko wa DAP serikali imemchangia kama 60,000. Simwonei wivu. Analima, analisha mji huu. Ila msidhani kwamba fedha ile ya redioni imegawanywa kwa vichwa. Inafuata mifuko, na mifuko inafuata mwenye fedha.

Kuna na habari ya umbali. Msimu ule wa kwanza wakala aliyeingizwa kwenye mfumo alikuwa barabarani, kule chini. Mtu wa upande wa juu alishuka kwa miguu, akakuta foleni, akaambiwa mtandao hausomi, akarudi kesho. Siku ya pili bodaboda ya kupandisha mifuko miwili mlimani kwenye tope anaijua aliyeilipa. Tangu hapo vituo vimeongezeka na vyama vya ushirika vikaingizwa, hilo nalishukuru. Hata hivyo wengi wa watu wetu bado wananunua mbolea kwa kopo. Mnaelewa ninaposema kopo? Mwenye duka anafungua mfuko, anakupimia kilo moja kwa kopo, unapeleka nyumbani kwenye mfuko wa rambo. Kopo halitaji namba ya siri. Kopo halina ruzuku. Na mtu anayenunua kopo tano tano msimu mzima mwishoni amelipa zaidi ya yule aliyenunua mfuko. Mimi nilifundisha hesabu miaka 34 na sikuwahi kumpa mtoto swali la kusikitisha kama hilo.

Wengine wanapata ile 140,000. Wanaipata kwa njia mbili. Ya kwanza ni mikopo hii ambayo wenyewe mnaiita kausha damu, ambayo mtu anakopa mwezi wa tatu na kabla mahindi hayajatoa mbelewele ameshachukuliwa godoro. Ya pili ni kuuza mahindi yakiwa bado shambani. Dalali anakuja mwezi wa nne, anatazama heka, anatoa fedha ya mbolea, na mwezi wa nane anakuja na magunia yake anavuna sehemu yake kwa bei aliyoipanga yeye. Hapo serikali imetoa ruzuku, mkulima ametoa jasho, na faida ya vyote viwili imepanda kwenye lori la dalali.

Kuna mtu ataniuliza: mbona halmashauri ina mikopo ya asilimia 10? Ipo, kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Inaombwa kwa kikundi, na andiko la mradi, na vikao. Mvua ya masika haingoji vikao.

Basi kamati inaomba nini? Inaomba tuwe na mfuko wa nusu. Jina hilo si la katiba, ni la kwangu. Tumekusudia kuanza na kaya 120, kila kaya heka moja. Mara 140,000 ni shilingi 16,800,000. Nyingine tunaiomba kwa ajili ya usafiri na maturubai ya kukaushia. Hatutampa mtu fedha mkononi. Kila mkulima atajiandikisha mwenyewe kwa mtendaji na kupata namba yake ya ruzuku, chama kitalipa sehemu yake kwa wakala, na mifuko itapandishwa kwa lori moja kwa siku moja mpaka kwenye viwanja vya shule. Kila mtu anachukua mbele ya majirani zake. Safari hii hakuna katibu wa kusaini kwa niaba ya mwingine. Hilo sharti nimeliweka mimi na nimekataa liguswe.

Mwezi wa nane mkulima anarudisha mahindi yenye thamani ya 140,000 kwa bei ya soko la Tengeru siku ile, na debe moja juu yake kwa ajili ya ghala. Mahindi yanakaa ghalani, yanauzwa kuanzia mwezi wa kwanza bei inapokuwa imepanda. Hapo tutapata cha kufidia watakaoshindwa kulipa, maana wapo watakaoshindwa, tusidanganyane.

Kwenye jambo la bei hatukukubaliana wote katika kamati, na ni haki mlijue. Mama mmoja mjumbe alisema, na alisema kwa ukali, kwamba tukitumia bei ya siku ile, mwaka ambao mahindi yameshuka mkulima atarudisha magunia mengi zaidi. Ana hoja. Mnakumbuka mwaka 2017 serikali ilipozuia mahindi kwenda nje, jinsi bei ilivyoanguka mavunoni na watu wakabaki wameyakalia magunia. Mnakumbuka tena Machi 2021, Kenya ilipoyazuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu. Mkulima hakufanya kosa lolote, lakini bei ilimpiga yeye. Kwa hiyo tumekubaliana kuweka ukomo: hakuna atakayerudisha zaidi ya magunia matatu ya kilo 100 kwa heka, bei iwe imeanguka namna gani. Ikianguka kupita hapo, hasara ni ya mfuko. Ina maana hasara ni yenu mliokaa hapa. Nimeona niseme kabla hamjatoa bahasha.

Na mvua ikikosekana kabisa, deni linalala mpaka msimu unaofuata. Wajumbe wawili walipinga hilo. Walisema watu watasingizia ukame hata mvua ikinyesha. Nikawauliza, ukame wa kusingizia utaufichaje mlimani kwetu, ambako kila mtu anaona shamba la kila mtu?

Kuhusu sumukuvu, maturubai niliyotaja ndiyo sababu yake. Mahindi yakianikwa chini kwenye udongo, na ukungu wa mwezi wa saba ule wa kwetu, yanaingia ghalani na unyevu. Ghala lenye mahindi ya watu 120 likipata ukungu, chama kimekufa. Bwana shamba wetu atakuja na kile kipimo cha unyevu, na gunia lisilokauka litarudi nyumbani hata kama ni la mwenyekiti.

Sisemi kwamba mbolea inatatua yote. Huko Selian, hapahapa nje ya mji, watafiti wametoa mbegu za mahindi na maharage zinazofaa ukanda wetu, na bado kuna watu wetu wanapanda mahindi waliyoyatoa darini. Minjingu iko njia ya Babati, inachimba fosfati, na wengi wetu hatujawahi kuijaribu kwenye udongo wetu. Samadi tunaiacha inanyeshewa. Hayo yote tutayazungumza siku nyingine, nikialikwa. Lakini nimelima heka yangu miaka mingi na naisema kama ninavyoijua: mwaka wa mvua ya kawaida bila mbolea nimevuna magunia sita, na mwaka niliotia DAP kwenye shimo siku ya kupanda na urea mahindi yalipofika magotini nimevuna kumi na manne. Katika magunia sita, kaya ya watu saba haifiki mwezi wa pili. Katika kumi na manne inakula, inauza, na inabaki na ile 140,000 ya msimu unaofuata. Ndiyo maana tunasema kila kaya ikopeshwe misimu mitatu, kisha ipishe nyingine. Ni miaka ileile mitatu ya mpango wa vocha. Wazo lao halikuwa baya. Lilikosa nusu tu.

Kuna jambo la mwisho, na ni kwa ajili yako kijana wangu wa pale nyuma, uliyeuliza kama serikali imeshalipa, sisi tunalipa nini.

Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa watu wetu Engare Nanyuki kwa nguvu, wakachomewa nyumba, ili ardhi wapewe walowezi. Mwaka uliofuata Japhet Kirilo alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa kule New York kuisema kesi ya Wameru. Umefundishwa hilo shuleni. Nauli ile haikutoka serikalini. Ilichangwa na watu waliokuwa wametoka kuchomewa nyumba. Baba yangu alikuwa akisimulia kwamba yeye alitoa mbuzi, na kila aliposimulia mbuzi yule aliongezeka ukubwa. Kesi haikurudisha ardhi wakati ule, na walijua huenda isirudishe. Walitoa hivyohivyo.

Mimi siombi mbuzi. Fomu ziko juu ya meza, zimegawanywa kwa heka: heka moja, nusu heka, robo heka. Asiyeweza robo heka aungane na wenzake watatu. Walioko mbali namba ya chama iko nyuma ya jarida hili, na mweka hazina atatoa risiti kwa kila shilingi, hata kama ni elfu mbili. Tunafunga hesabu tarehe 15 Februari, kwa sababu mbolea inatakiwa iwe imepanda mlimani kabla ya wiki ya pili ya Machi. Itakayochangwa Aprili ni ya mwaka kesho.

Yule bibi amekwisha fariki, Mungu amlaze pema. Shamba lake analima mjukuu wake, yule mdogo aliyenunuliwa kalamu. Nilikwenda kwake mwezi uliopita, nikamweleza nilichofanya na ile fomu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama mfuko huu utakuwa na urea au DAP peke yake.

Mweka hazina, naomba uandike heka ya kwanza, shamba la upande wa juu karibu na msitu. Hii hapa 140,000. Naomba risiti yangu.